Leo Redio Haisemi

Leo redio haisemi. Nimeichomoa.
Aliyekuja kunyolewa akae, aliyekuja kusikiliza mpira
avuke barabara, aende kwa Kombo fundi viatu.
Mimi nina wageni.

Saba. Mfuko wa nailoni ndani ya mfuko,
ndani ya boksi jeupe lililoandikwa kwa kalamu nene
USILAZE,
na boksi likalazwa:
ubavu kutoka Dar, ubavu bandarini Mkoani,
ubavu juu ya magunia ya vitunguu mpaka hapa Wete, Jadida.
Saa ishirini na sita. Nilizihesabu
kama mjane anavyohesabu eda.

Nilipofungua, maji yalikuwa chai ya mkandaa iliyolala.
Wao chini, wamelaliana, mapezi yamebana mwilini
kama mtu wa homa na shuka lake.
Matamvua mbio, mbio.
Dhahabu niliyoilipia imegeuka shaba ya senti ya zamani.

Hamad Faki, kichwa nusu kimenyolewa, akasema:
"Si uwamwage tu humo! Samaki na maji tena?"
Maji si mamoja, Hamad.
Wewe utolewe tanuri la mkate, utoswe mtungini,
kisha uniambie maji ni maji.
Akaondoka na nusu yake, akaufuata mpira.

Nikauweka mfuko juu ya tangi, uelee,
joto lijuane na joto.
Maji ya tangi ni ya mfereji, yamekaa ndooni siku mbili
mpaka yakaacha kunuka dawa.
Nikazima taa. Kioo nikakivika kanga kuukuu ya Mize,
maneno yake yamefutika, limebaki MAJIRANI,
na majirani kweli wakaja, pua mlangoni.

Kiti nikakitoa barazani. Saa yangu ikawa vichwa:
kila kichwa kimoja, kikombe kimoja cha kahawa
cha maji ya tangi, polepole, pembeni mwa mfuko.
Kichwa cha mtoto wa Bi Riziki, kikombe.
Kichwa cha Shaame, ambacho ni kikubwa, kikombe na robo.
Ndevu za Mwalimu Shehe, nusu.
Mpaka wageni na tangi wakawa wanazungumza lugha moja.
Ndipo nikawapokea kwa chujio, mmoja mmoja.
Maji ya safari nikayamwaga mtaroni.

Mize akanikemea dirishani:
mgeni siku ya kwanza si hupewa mchele na panza?
Huyu, nikamwambia, ukimlisha leo unamzika.
Na panza ni jamaa yake.

Saa nne usiku umeme ukakatika. Pampu kimya.
Nikakaa kiti cha wateja, tochi ya simu chini ya kidole,
nachota, namimina kutoka juu,
nachota, namimina, maji yavute pumzi.

Nami niliwahi kufika mahali hivi.
Maskati, nina miaka kumi na tisa, masikio bado yana ndege,
mjomba akanitia moja kwa moja ukumbini
kwenye watu thelathini, kila mmoja na swali lake,
sahani ya wali kama kichuguu.
Nilitapika juu ya zulia.
Usiku ule sikutaka kupendwa.
Nilitaka mtu mmoja azime taa.

Nachota, namimina.

Alfajiri mmoja alikuwa juu, ubavu.
Nikamfukia penye mpera, bila maneno.
Watano nyuma ya jiwe.
Wa sita katikati, mapezi wazi,
akaokota chembe ya mchanga,
akaionja,
akaitema.

Hamad akasimama mlangoni, kofia imefunika aibu.
Redio bado imechomolewa, barabara tupu,
naye ananong'ona:
"Wameamkaje?"

Nikamwonyesha kiti.
Kanga sikuiondoa.